Nundu si pipa: maji ya viumbe wa jangwani

Swali: "Mwanangu wa darasa la tano aliniuliza ngamia anahifadhi vipi maji kwenye nundu. Nikamweleza kama nilivyofundishwa zamani: nundu ni pipa, analijaza kabla ya safari. Kesho yake akarudi akasema mwalimu amemkatalia mbele ya darasa zima. Naomba msaada. Kama nundu haina maji, ngamia huvumilia vipi? Viumbe wasio na nundu, pamoja na mimea, hupata wapi maji huko jangwani? Na je, ni kweli mtu akipotea anaweza kukata dungusi, ule mmea wa miiba wa jangwani, akanywa maji yake?"

Jibu:

Kwanza, ondoa aibu. Hadithi ya pipa imezunguka dunia nzima na watu wazima wengi bado wanaiamini. Lakini mwalimu yuko sahihi. Ukipasua nundu utakuta shahamu, nzito na iliyoshikana, bila hata kikombe cha maji ya kumimina. Ngamia akishinda njaa majuma mengi, nundu hulegea na kulala upande kama gunia lililopunguzwa nafaka. Maji hayaiinui tena. Malisho ndiyo huiinua.

Wapo wanaojaribu kuiokoa hadithi kwa hoja nyingine. Wanasema shahamu ikiunguzwa mwilini hutoa maji, kwa hiyo nundu ni pipa lililojificha. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Hidrojeni iliyomo kwenye shahamu huungana na oksijeni, na kilo 1 ya shahamu hutoa maji yanayozidi lita 1 kidogo. Ila oksijeni hiyo lazima ivutwe kwa pumzi, na kila pumzi inayoingia kavu hutoka na unyevu. Ukipiga hesabu katika hewa ya jangwani, maji yanayopotelea mapafuni huweza kuzidi yale yaliyopatikana. Ni kama kutumia nauli inayozidi deni unalokwenda kudai.

Nundu, basi, ni ghala la chakula. Na kukaa kwake mahali pamoja mgongoni kuna faida: shahamu huzuia joto lisitoke, na mnyama aliyetandazwa shahamu chini ya ngozi mwili mzima angekuwa kama mtu aliyejifunika blanketi juani. Ngamia ameikusanya juu, mbavu na tumbo vikabaki huru kutoa joto.

Sasa niombe ruhusa niligeuze swali lako kidogo. Umeuliza wanakunywa nini, na nitakujibu. Lakini aliye na mtungi unaovuja haanzi kwa kukimbilia kisimani. Anatafuta kwanza ufa. Mnyama wa nchi kavu hupoteza maji kwa njia nne: jasho, pumzi, mkojo na kinyesi. Mmea hupoteza karibu yote kupitia majani. Nimesoma na kufundisha mambo haya miaka mingi, na kila kiumbe wa jangwani niliyemchunguza, sehemu kubwa ya siri yake ilikuwa namna alivyoziba nyufa hizo. Kunywa huja baadaye, na wengine hawanywi kabisa.

Tumrudie ngamia. Mtu aliyetufumbulia mengi ni Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu wa utendaji wa miili ya viumbe, mzaliwa wa Norway, aliyekwenda Beni Abbès katika Sahara ya Algeria mwaka 1953 kupima ngamia mchana na usiku. Aligundua kwamba ngamia mwenye kiu huacha joto la mwili wake lipande na kushuka. Alfajiri huwa na nyuzijoto 34 hivi. Alasiri hufika karibu 41. Wewe ukiwa na 41 unakimbizwa hospitali. Ngamia anaendelea kucheua. Faida yake ni kwamba joto la mchana analiweka akiba mwilini badala ya kulitoa kwa jasho, halafu usiku, hewa ikipoa, linatoka lenyewe bila kumgharimu tone. Kwa ngamia wa kilo 500, kuacha joto lipande nyuzi 6 kunaokoa maji yapata lita 5 kwa siku moja.

Manyoya nayo yana kazi. Schmidt-Nielsen alimnyoa ngamia mmoja akamlinganisha na mwenzake mwenye manyoya yake, na aliyenyolewa akapoteza maji kwa nusu zaidi. Weka jambo hili akilini, nitalihitaji mwishoni.

Ufa wa pumzi unaweza kuuonyesha mwanao bila kifaa chochote. Mwambie aweke kiganja mbele ya mdomo, aufungue wazi, apumue nje: hewa ni ya moto na ina unyevu. Kisha afunge mdomo apumue kwa pua: hewa imepoa kidogo. Imepoa kwa sababu kuta za pua zilipozwa na hewa iliyoingia, na hewa inayotoka inapozigusa huacha pale sehemu ya mvuke wake. Pua yetu ni fupi na pana, kwa hiyo tunaokoa kidogo tu. Pua ya ngamia ndani ina mikunjo juu ya mikunjo, na eneo la kunasa mvuke ni kubwa mno kuliko letu. Figo zake hutoa mkojo mchache na mzito, na kinyesi chake ni kikavu kiasi kwamba wafugaji huweza kukiwasha moto bila kukianika sana.

Hata hivyo maji hupungua, na hapo ndipo damu inapoonyesha ubingwa wake. Binadamu akipoteza maji ya asilimia 12 hivi ya uzito wake kwenye joto la jangwani, damu huwa nzito, moyo hushindwa kuisukuma, joto la ndani hupanda ghafla na mtu hufa. Ngamia hupoteza asilimia 25 na bado anatembea, kwa kuwa maji mengi hutoka kwenye misuli na viungo vingine huku damu ikibaki nyepesi. Akifika kisimani anaweza kunywa lita 100 kwa dakika kumi. Mnyama mwingine akifanya hivyo, maji yataingia kwenye chembe nyekundu za damu mpaka zipasuke. Chembe za ngamia zina umbo la yai, tofauti na za mamalia wengine zilizo duara, na huweza kuvimba zaidi ya maradufu bila kupasuka.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu watoto hulipenda: nasaba ya ngamia haikuanzia kwenye mchanga. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na mwaka 2013 wanasayansi walitangaza mabaki ya ngamia mkubwa aliyeishi miaka milioni 3.5 iliyopita kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, zama ambazo kulikuwa na misitu na majira marefu ya baridi. Huenda ghala la shahamu na nyayo pana vilisaidia kwanza kwenye theluji.

Sasa wasio na nundu. Bingwa wangu ni panya-kangaruu wa majangwa ya Marekani, mnyama anayeenea kwenye kiganja. Anaweza kuishi maisha yake yote bila kunywa. Maji yake hutoka kwenye mbegu kavu, kwa uunguzaji uleule niliousema kwenye shahamu. Tofauti ni kwamba yeye ameziba nyufa zote kiasi kwamba hesabu inamwachia salio. Hatoi jasho. Mchana hujifungia shimoni, ambako hewa ina unyevu kuliko nje na mbegu alizoweka akiba huunyonya kabla hajazila. Figo zake hukamua mkojo mzito mara nne au tano kuliko wetu. Schmidt-Nielsen alipowalisha wanyama hawa soya, chakula chenye protini nyingi kinachodai mkojo mwingi, kisha akawapa maji ya bahari, walinywa wakaishi. Binadamu akinywa maji ya bahari anajikausha zaidi, maana figo zake hazina nguvu ya kuitoa chumvi ile bila kutumia maji mengi kuliko aliyokunywa.

Shimo, kwa kweli, ni silaha kubwa kuliko zote jangwani na haipewi sifa inayostahili. Ardhi ya juu inaweza kuunguza nyayo, lakini chini kidogo tu, kina cha mkono ulionyooshwa, joto hubaki lilelile mchana na usiku. Ndiyo maana mgeni akitazama jangwa saa saba mchana huona hakuna kitu. Wenyeji wamelala.

Isipokuwa mmoja. Sisimizi wa fedha wa Sahara (Cataglyphis bombycina) hutoka saa ileile ambayo wengine wote wamekimbia. Hula wadudu waliokufa kwa joto, na mijusi wanaomwinda huwa wamejificha. Mchanga huweza kupita nyuzijoto 60, naye mwili wake ukifika 53 hivi anakufa, kwa hiyo ana dakika chache tu za kazi. Nywele zake zenye pembe tatu hurudisha mwanga kama kioo na kumsaidia kutoa joto, na mbio zake hufika sentimita 85 kwa sekunde, mara mia na zaidi ya urefu wa mwili wake. Kwa mwenye dakika chache, kupotea njia ni kifo. Mwaka 2006 watafiti walichunguza jamaa yake wa Tunisia: alipokwisha kufika kwenye chakula, walimbandika vijiti vya nywele za nguruwe miguuni, akawa kama anatembea kwa mironjo. Wakati wa kurudi sisimizi huyo alipitiliza kwake, kwa kuwa hatua zilikuwa zilezile kwa idadi lakini ndefu kuliko za kwenda. Ndivyo ilivyojulikana kwamba huhesabu hatua.

Na wanaokunywa? Hapa nikupeleke Namib, jangwa lililoegemea Bahari ya Atlantiki kusini-magharibi mwa Afrika. Mkondo baridi wa Benguela hupita pwani yake. Hewa iliyolala juu ya maji baridi haipandi kutengeneza mawingu ya mvua, na sehemu za pwani hiyo hupata mvua chini ya milimita 20 kwa mwaka, wakati kipimo cha kawaida cha kuita mahali jangwa ni chini ya milimita 250. (Kwa kipimo hicho Antaktika ndiyo jangwa kubwa kuliko yote duniani, joto si sharti, na hata Sahara sehemu yake kubwa ni mawe na changarawe, si mchanga.) Lakini baridi ileile inayozuia mvua huzaa ukungu, na upepo huusukuma ukungu huo nchi kavu usiku na alfajiri.

Mbawakawa mmoja mweusi, Onymacris unguicularis, ameijua ratiba hiyo. Kwa kawaida ni mdudu wa mchana. Ukungu unapokuja, hutoka mchangani kukiwa bado na giza, akapanda hadi ukingo wa juu wa kilima cha mchanga, akauelekezea upepo mgongo, akainamisha kichwa na kunyanyua makalio. Ukungu huganda mgongoni, matone hukutana na kuteremka taratibu hadi mdomoni. William Hamilton na Mary Seely waliandika habari zake mwaka 1976, na walikuta kwamba asubuhi moja ya ukungu yaweza kumwongezea mdudu hadi theluthi ya uzito wake. Ukikutana na video inayodai kwamba siri ni vijinundu vya mgongoni, ujue imemchanganya na mbawakawa wengine. Huyu mgongo wake ni laini, na siri yake ni ule mkao.

Mjusi wa miiba wa Australia hunywa kwa ngozi: kati ya magamba yake kuna mifereji myembamba inayovuta maji yenyewe, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, mpaka pembe za mdomo. Anaweza kusimama kwenye mchanga wenye umande na maji yakampanda kutoka miguuni.

Ndege aitwaye firigogo ana kisa kinachonigusa zaidi. Vifaranga wake huanguliwa mbali na maji, na hawawezi kuruka. Dume huruka alfajiri hadi dimbwini, wakati mwingine kilomita nyingi, akaingia majini hadi tumboni na kujitikisatikisa. Manyoya ya tumbo lake yana nyuzi zilizojisokota ambazo zikilowa hufunguka na kushika maji vizuri kuliko sifongo. Kisha huruka kurudi, anasimama wima, na vifaranga hukusanyika chini yake wakifyonza manyoya. Mwingereza mmoja mfugaji wa ndege, Meade-Waldo, aliandika habari hii mwaka 1896 na wengi hawakumwamini. Utafiti wa mwaka 1967 ulimthibitishia.

Choroa, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, hunywa akipata na huvumilia asipopata. Richard Taylor, aliyewachunguza nchini Kenya miaka ya 1960, aliona kwamba majani ya kichaka kimoja wanachokula huwa na maji asilimia 1 tu mchana, yakawa makavu hata kuvunjika mkononi, lakini usiku hunyonya unyevu wa hewa hadi kufika asilimia 40. Choroa akila usiku, anakula na kunywa kwa mkupuo mmoja.

Hapo tumefika kwenye mimea, na mimea ina tatizo ambalo mnyama hana: haiwezi kwenda shimoni. Jani lina matundu madogo ya kuingizia hewa ya ukaa, malighafi ya usanisinuru (kazi ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga), na tundu likifunguka maji hutoka. Mwoneshe mwanao: funga mfuko wa plastiki unaoona ndani kwenye tawi lenye majani juani, urudi baada ya saa mbili. Matone utakayoyakuta ndiyo ufa wenyewe. Mmea wa kawaida hutoa hewani zaidi ya asilimia 95 ya maji yote unayoyavuta kwa mizizi.

Dungusi ameugeuza mchana kuwa usiku. Hufunga matundu jua likiwaka na kuyafungua gizani, hewa ikiwa imepoa na ina unyevu zaidi. Hewa ya ukaa huigeuza asidi na kuihifadhi. Kukipambazuka hufunga tena, na kuitumia asidi ile taratibu kwa mwanga wa jua. Kuna daktari aitwaye Benjamin Heyne aliyekuwa India, ambaye mwaka 1815 ilichapishwa barua yake akieleza kwamba majani ya mmea mmoja wa bustanini yalikuwa machachu sana asubuhi na yasiyo na ladha ifikapo adhuhuri. Alikuwa ameuonja usanisinuru wa usiku zaidi ya miaka mia kabla haujaelezwa. Nanasi, mkonge na mshubiri hufanya vivyo hivyo.

Dungusi mkubwa wa Arizona (Marekani) na Sonora (Meksiko), uitwao saguaro, ana mikunjo iliyosimama mwilini kama sketi ya marinda. Mvua ikinyesha, marinda hufunguka na shina hunenepa. Watu hudhani mizizi yake imezama sana. La. Mingi iko kina cha kiganja tu, imetandaa pande zote ili kuwahi mvua fupi kabla ardhi haijakauka. Wanaozama ni wengine: mzizi wa mti wa jamii ya mathenge ulikutwa kwenye mgodi Arizona, zaidi ya mita 50 chini.

Na kuna waliokataa kuishi jangwani ingawa wako humo humo. Maua ya msimu hungoja yakiwa mbegu. Ganda la mbegu nyingi lina kemikali inayozuia kuota, na manyunyu hayatoshi kuiondoa. Lazima inyeshe mvua ya maana, ambayo pia itatosha kumlea mche mpaka azae. Hata hapo si mbegu zote huota. Nyingine hubaki kama akiba, mvua hiyo isije ikawa ya uongo. Mwaka 2005 mbegu ya mtende iliyofukuliwa Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, ilioteshwa ikiwa na umri wa miaka 2,000 hivi. Chura aitwaye Scaphiopus couchii hufanya kama mbegu: hujizika miezi mingi, hutoka akisikia kishindo cha mvua, hutaga usiku uleule, na viluwiluwi wake huweza kuwa vyura kwa siku 8 au 9, wakishindana na dimbwi linalokauka.

Swali lako la mwisho. Usikate dungusi. Ndani hakuna maji bali ute, na wa aina nyingi una asidi na kemikali chungu ambazo mmea umeziweka makusudi kujilinda na wenye kiu kama wewe. Tumbo tupu likiupokea, hutapika au huharisha, na hizo ni nyufa mbili mpya kwenye mtungi uliokuwa tayari unavuja.

Mtu aliyepotea ufa wake mkubwa ni jasho. Akitembea juani hupoteza lita 1 na zaidi kwa saa. Kwa hiyo afanye kama wenyeji: alale kivulini mchana, na kama ni lazima kutembea, atembee usiku. Maji aliyonayo ayanywe akiwa na kiu, maana maji yaliyobaki kwenye chupa hayamsaidii aliyezirai. Na asivue nguo. Mwaka 1980 Taylor yuleyule wa choroa na wenzake walipima kanzu nyeusi za Mabedui, wakijiuliza kwa nini watu wa jua kali wavae rangi inayovuta joto. Walikuta kwamba nguo nyeusi kweli ilipata moto zaidi kuliko nyeupe, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa: kanzu ni pana, hewa hupita chini yake, na moto wa juu huchukuliwa na upepo kabla haujafika mwilini. Kanzu ile ndiyo manyoya ya yule ngamia ambaye hakunyolewa.